Siku Tuliyoizika Pampu

Sikudhani mwanangu,

Nimekuambia barua hii uifungue basi likifika Chalinze, lakini najua utaifungua usiku huu, kwa sababu subira hukuzaliwa nayo, na hilo umelitoa kwangu. Basi fungua, soma, na mtu akichungulia mwache achungulie. Humu hamna aibu. Mna majivuno tu, na majivuno nimeyapata kwa jasho.

Sitakuandikia habari za sweta. Bibi yako tangu ateremke kutoka Mzenga hajanyamaza juu ya baridi ya Iringa, na mimi sina cha kuongeza. Kipande cha sabuni nimekifunga ndani ya kanga ya njano. Nilikipangia foleni, kwa hiyo usikigawe kwa kila msichana wa bwenini atakayekutazama kwa huruma. Maagizo yameishia hapo.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya pampu. Usicheke. Tangu jina lako litoke kwenda kusomea ufundi wa maji, natembea kifua mbele hapa Tangini mpaka muuza maandazi ameniuliza kama nimepandishwa cheo. Nimemwambia ndiyo. Lakini nikikutazama unavyokunja nguo zako naona unakwenda kusomea kitu ambacho hujui kilikufanyia nini. Unajua uliugua ukiwa mdogo, unajua mto ulifurika, unajua ulipona. Hujui kwa nini kila mwaka kabla ya masika wazee wale wanakuja kukaa ukumbini kwangu na kutukanana mpaka unaona haya mbele ya wenzako. Leo nakuambia yote.

Wakati huo, kama ilivyo hata sasa, hapa Kibaha mtu hakujipigia simu mwenyewe. Alinyanyua mkono wa simu, taa ikawaka kwenye ubao wangu, akaniambia anamtaka nani, nami nikachomeka waya. Nilikuwa najua sauti za wilaya nzima. Nilijua nani kagombana na mkewe kwa namna anavyosema "haloo". Na niliamini kabisa kwamba maadamu mimi nimekaa kwenye kiti kile, hakuna jambo litakalotushinda.

Halafu mwaka mmoja mto Ruvu ukapanda. Pampu iko Mlandizi, kando ya mto, nayo ndiyo inayosukuma maji mpaka hospitali yetu na nyumba zote hizi. Nguzo ya umeme ikaanguka, injini ya akiba ikakosa dizeli, pampu ikasimama. Watu wa maji wakawangoja watu wa umeme. Watu wa umeme wakangoja wapigiwe simu. Simu zangu zilikuwa zimekufa, kwa sababu betri zake zinajazwa kwa umeme huohuo uliokatika. Na watu wa reli, ambao njia yao ilikuwa kavu na wana mapipa ya dizeli, walikaa Kwala wakicheza bao, kwa sababu hakuna aliyewaomba kitu. Tulikaa hivyo siku nyingi, kila mmoja nyuma ya geti lake, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wagonjwa wakaletewa maji kwa madebe kutoka madimbwini. Wako waliokufa, mwanangu, na mpaka leo sipendi kupita mlango wa nyuma wa wodi ile.

Baada ya hapo ofisi ya wilaya ikatuita kwenye mkutano. Maji, umeme, simu, reli. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mgeni, mwenye suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi ikanyooka. Akatuuliza mmoja mmoja kama tumejiandaa kwa mvua zijazo. Unajua tulivyojibu? Fundi Salehe wa pampu, Mzaramo mwenzetu wa Kisarawe, akasimama akasema maji yako tayari. Bwana Kimaro wa umeme, Mchaga mnyamavu kuliko wote niliowahi kukutana nao, akasema umeme uko tayari. Nami nikasimama na kanga yangu mpya, nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, simu ziko imara."

Uongo mtupu! Lakini ungesema nini? Ulikuwa umevaa jina la ofisi yako mbele ya watu. Kueleza kwamba ofisi yako inavuja ilikuwa sawa na kuingiza wageni chumbani kitanda hakijatandikwa. Sote mle ndani tulikuwa tunaficha vitanda.

Ndipo Mzee Mihayo akaangua kicheko. Mihayo ni Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa nyapara wa genge la reli kule Kwala, na unajua mwenyewe kwamba Wanyamwezi ni watani wetu Wazaramo tangu enzi za mababu. Akasimama bila kupewa ruhusa.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu Mzaramo anakudanganya. Betri zake umeme ukikatika asubuhi, mchana hazina hata nguvu ya kukohoa. Lakini ndivyo walivyo hawa, nyumba inavuja wao wako uwanjani wanakata viuno."

Damu ikanichemka, na kicheko kikanipanda hapohapo. Nikamwambia, "Kaa chini, Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe una kiberenge, una injini, una reli imenyooka mbele yako, na hukuwabebea watu wa maji hata debe moja la dizeli!"

Mwenyekiti akagonga meza. "Jamani, huu ni mkutano wa serikali!"

Salehe akanyoosha mkono taratibu. "Ndugu Mwenyekiti, uwaache. Hao ni watani." Akajikuna kidevu. "Tena wote wawili wamesema kweli."

Yule bwana akatutazama, akatazama karatasi yake yenye "tayari, tayari, tayari", akaikunja akaitia mfukoni. Akasema, "Basi endeleeni kutukanana. Mimi nasikiliza."

Mwanangu, tulitukanana mpaka adhuhuri, na sijawahi kuhudhuria mkutano wa maana kama ule. Salehe akaambiwa pipa lake la dizeli analiweka bondeni kabisa, mahali ambapo maji huingia kwanza. Mihayo akaambiwa simu ya reli, ambayo ina waya wake na betri zake, anaifungia ofisini kwa kufuli, akienda kula ufunguo unakwenda naye. Kila tusi lilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kwa mtani hukasiriki. Kimaro peke yake alikaa kama mgeni harusini. Mwishowe akasema kwa unyonge, "Mimi watani wangu ni Wapare, na hapa sioni Mpare."

"Tutakupangia," Mihayo akamwambia. "Kuanzia leo umeme ni mtani wa simu, na maji ni mtani wa reli, na wote ni watani wa wote. Haya, mtukane huyu mama."

Kimaro akanitazama, masikini, akitafuta tusi. Akasema, "Mama, waya zako zimening'inia kwenye nguzo zangu kama nguo za mtoto mchafu." Watu walipiga meza! Huyo ndiye Kimaro unayemjua leo, ambaye akianza kutukana ukumbini kwangu bibi yako huziba masikio. Tulimfungulia bomba wenyewe.

Lakini Salehe akabaki na neno lake. "Haya, tumechekana. Siku mto ukinijia, nani ataniuliza nina shida gani? Na mimi nitampata vipi wa kumwomba?"

Mihayo akamgeukia, na safari hii hakucheka. "Salehe, siku mama yako alipofariki, ulinipigia simu? Nilisikia kilio, nikaja, nikachukua jembe. Wewe ulikaa mkekani. Uliniomba?"

"Sikukuomba."

"Sasa pampu ikifa si msiba?"

Ndivyo tulivyoamua kuizika pampu. Watu wa mbali huenda wana majina makubwa ya mazoezi kama hayo, sisi tuliita msiba. Tulichagua siku ya kiangazi, Salehe akaizima pampu kwa muda mfupi huku akiwa amekunja uso kana kwamba tunamchinjia ng'ombe wake, na mambo yakaanza. Masharti yalikuwa kama ya msibani: mfiwa haombi kitu, na mtani hangoji kuitwa. Anaposikia kimya mahali palipokuwa na sauti, anakuja, na anakuja na kitu mkononi.

Mihayo alifika kwa kiberenge, kile kigari cha injini kinachokimbia juu ya reli, akatembea kutoka relini hadi mtoni, akajitupa kwenye mtaro wa bomba na kulia kwa sauti: "Pampu yetu wee, ulikuwa unakunywa dizeli kama bwana harusi anavyokunywa supu!" Akakataa kutoka mtaroni mpaka apewe kuku, kama watani wanavyolala kaburini wakidai haki yao. Shehe wa Mlandizi alipita akatukuta, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akasema hajasikia mahali chuma kilipokatazwa kuzikwa, akaendelea na safari yake akitikisa kichwa.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeaibika kuliko wote. Katika msiba ule simu nazo zilihesabiwa kuwa zimekufa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kweli, nimekaa kwenye kiti changu na chai ya tangawizi, nangoja. Nikangoja, nikangoja. Mpaka Kimaro akaingia na jasho, akaniuliza, "Mama, mbona hujatoka?"

Nikamwambia, "Nangoja kuambiwa kwamba simu zimekufa."

"Unaambiwa kwa njia gani?"

"Kwa simu," nikasema, na hapohapo nikajisikia.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe hata ofisi yake ilikuwa imekaa ikingoja vilevile, na ya maji pia. Wilaya nzima ilikuwa imepanga kupewa habari ya kifo cha simu kwa simu! Mpaka leo wakitaka kuninyamazisha huweka kidole sikioni kama mkono wa simu na kuuliza, "Haloo, umeshakufa?" Ninajibu nimeshakufa, na tunaendelea. Siku ile nilijifunza kujicheka mwenyewe kabla sijachekwa, na nakuambia ni raha.

Kila msiba ulitufumbulia kitu. Ngazi ya mafundi umeme haikuenea kwenye kiberenge, wakachonga nyingine. Pipa la dizeli likapandishwa mlimani. Waya wa reli ukavutwa mpaka pampuni na kuunganishwa na ubao wangu, nikapata taa mpya nyekundu, nikaiita Tabora. Tukawa tunazika pampu kila mwaka kabla ya masika, na wake zetu na waume zetu wakaanza kuja na vyakula, maana msiba bila pilau haunogi.

Halafu mto ukaja kweli.

Ulikuwa hujaanza shule. Baba yako alikuwa amekwenda Mzenga kumsaidia bibi yako shambani, mvua ikafunga njia, akabaki huko. Wewe ukaanza kuharisha. Nilikubeba mgongoni asubuhi mpaka hospitali, na ulikuwa mwepesi mno, ukawa unanilalia bila kushika. Wodi ilijaa watoto kama wewe. Daktari aliniambia bila kuzunguka, "Dripu zimekwisha. Mtoto huyu anywe maji safi yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, bila kuacha. Maji ndiyo dawa yake. Mradi bomba litoe."

Nikakaa nawe nikikunywesha. Na bomba la ukutani, mbele ya macho yangu, likatoa uzi mwembamba, likakohoa, likanyamaza.

Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Pampu imekufa. Na zamu ya ubao ilikuwa yangu, kijana aliyenishikia hakujua hata taa ya Tabora ni ipi. Nikasimama na kijiko mkononi. Mwanangu, nimepita mambo mengi, lakini sijawahi kuchanika kama pale. Nikikaa, nakunywesha mpaka ndoo iishe, kisha nini? Nikienda, nani atakushika?

Mlango ukafunguliwa, akaingia mke wa Kimaro, Mama Eliamani, ametota mpaka nywele, ana ndoo yenye kifuniko kichwani. Hakunisalimia. Akaninyang'anya kijiko.

"Wewe Mzaramo, umeolewa na ule ubao, hebu nenda kwa mumeo. Mtoto ni wangu leo."

"Nani amekuambia niko hapa?"

"Nani anaambiwa msibani?" akasema, akakupakata. "Nenda!"

Mwanamke wa Kichaga, ambaye kwao hawajawahi hata kututania. Nilikimbia kwenye matope nikilia kwa sauti, na sikuona aibu.

Nilikuta vijana wa umeme wameshafika kituoni kwangu na jenereta ndogo juu ya mkokoteni, wanaifunga kwenye betri zangu. Mmoja akasema, "Pole kwa msiba, mama," na meno yote nje. Nikakaa kitini. Taa ya pampu ilikuwa imezimika kabisa. Taa nyekundu ikawaka.

"Mzaramo," sauti ya Mihayo kutoka stesheni ya Soga, inakatakata. "Uko hai?"

"Niko hai."

"Pampu imefariki. Nguzo iko mtoni. Usilie, wazikaji tumeshaondoka."

Barabara ya Mlandizi ilikuwa imezama. Gari la Kimaro halikujaribu hata kuigusa, likazunguka moja kwa moja mpaka Soga, na pale kiberenge kilikuwa kinanguruma, kina dizeli, kina sehemu ya ngazi imeachwa wazi. Hakuna aliyekuwa amempigia mwenzake. Mimi kazi yangu ilikuwa kushikilia kamba: kuwaambia hospitali wasimwage hata kikombe, kuwaambia reli treni isishuke, kumwambia Salehe kupitia waya wa Mihayo kwamba wanakuja. Salehe alijibu neno moja tu, "Niko mkekani." Alikuwa amekaa juu ya paa la nyumba ya pampu na maji yanapita chini yake, mzee yule, anawangoja watani.

Wakavuka maji ya kifuani wakisukuma mapipa. Wakaanza kwa injini ya dizeli, nguzo ikafuata baadaye. Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Nilikuwa natazama ubao, na katika taa zote nilikuwa natazama moja, ya wodi, nikiomba iwake na nikiomba isiwake.

Ikawaka. Nikachomeka waya, nikakosa tundu mara ya kwanza. Nikatarajia nesi. Nikasikia Mama Eliamani anasema pembeni, "Sema, mwambie huyo mama yako." Kisha sauti yako, ambayo tangu jana yake hukuwa umeitoa, nyembamba, imekauka, lakini yako:

"Mama, maji yanatoka."

Sikudhani, nimewahi kusikia kwenye waya ule habari za uhuru na za vita, za harusi na za vifo. Sijasikia neno jingine kama lile. Nilifungua waya zote kwa pamoja, jambo lisiloruhusiwa kabisa, nikamwambia kila mtu aliyekuwa hewani, ofisi ya wilaya, stesheni, polisi, nani sijui: "Maji yanatoka! Maji yanatoka!" Na kutoka kwenye waya wa Tabora nikasikia genge zima la reli linapiga kelele kama mpira umeingia golini.

Safari ile tulishinda. Wodi haikukosa maji, na watoto wale walitoka kwa miguu yao. Tulishinda, nami naliandika kwa herufi kubwa moyoni kila siku. Maji yalipopungua tulifanya matanga ya pampu, Mihayo akapewa kuku wake, na Salehe, ambaye hajapata kucheza ngoma, alicheza.

Sasa wewe unakwenda kujifunza kwa nini maji yanapanda mlima. Watakufundisha vizuri, na utarudi unajua kuliko sisi sote, nami nitajisifu mpaka majirani wahame. Lakini huko utakakopangiwa kazi utakuta mageti, na utakuta watu wanaosema wako tayari. Nawe utatamani kusema hivyohivyo, kwa sababu wewe ni mwanangu na una kiburi changu. Mimi nilisimama na kanga mpya nikasema simu ziko imara, na ningeendelea kusema hivyo mpaka siku ile bomba liliponyamaza mbele yako, kama asingekuwako mtu mwenye haki ya kunicheka. Mtafute wako mapema. Na ukisikia kimya upande wa wenzako, nenda.

Kesho stendi usishangae. Mihayo amestaafu na miguu inamsumbua, lakini anakuja, na atakutukana mbele ya abiria wote. Atakuambia unakwenda kusomea kuchota maji wakati Wazaramo hawajui hata kuoga. Usinyamaze, mjibu. Mama Eliamani amekutengenezea chakula cha njiani, na atajifanya analizwa na moshi wa basi. Salehe atasimama nyuma bila kusema kitu. Mshike mkono.

Mimi kesho sitakuja stendi. Usinune. Nimechukua zamu ya kutwa makusudi, nikae ubaoni mpaka jioni. Ukiteremka Iringa nenda posta, omba Kibaha. Usiniambie habari za safari, na usilie, maana ukilia sitaweza kufanya kazi. Niambie neno lile ulilonipa ukiwa mtoto, nami nitajua umefika.

Nitakuwa nimekaa natazama taa yako.

Mama yako,
Tatu binti Kondo